Kufunga Kebini na Kasha la Nyuma kwenye Pikapu ya Hotrodi ya Kujiundia

Mjenzi aliyekwisha kufunga injini, breki na usukani hufika kwenye bodi akiamini kwamba kila kipande kina tundu lake na kila tundu lina bolti yake. Kwa upande wa chuma imani hiyo ni sahihi. Kebini (chumba cha dereva) na kasha (sehemu ya mizigo) vya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu, ni habari nyingine, kwa sababu hutandazwa kwa mkono ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, na hata vipande viwili vilivyotoka kwenye kalibu moja huweza kutofautiana kidogo katika unene wa kingo na katika umbo, kutegemea vilikaa muda gani kwenye kalibu na vilihifadhiwa vipi baada ya kutolewa. Ndiyo maana matundu mengi ya bodi huachwa yatobolewe na mjenzi mwenyewe. Kufunga kebini na kasha, kwa hiyo, ni kazi ya kupanga kabla ya kuwa kazi ya kukaza: milango huamua kebini ikaeje, magurudumu ya nyuma pamoja na mgongo wa kebini huamua kasha likae wapi, na drili hushikwa baada ya vyote hivyo kuonekana mahali pake kwa pamoja.

Maelezo yanayofuata yanahusu pikapu ya hotrodi, yaani gari la umbo la kale lililoundwa upya kwa mitambo yenye nguvu, inayoiga umbo la miaka ya 1930, zama ambazo Ford ilianza, mwaka 1932, kuweka injini ya V8 katika magari ya watu wa kawaida, lakini ambayo chini yake ina fremu mpya ya mabomba ya chuma. Kitabu cha mtengenezaji wa seti yako, yaani vipande vya gari vinavyouzwa pamoja ili ujiundie mwenyewe, kina kauli ya mwisho kuhusu ukubwa wa bolti na mahali pa vishikizo. Utaratibu na sababu zake havitofautiani sana kati ya seti moja na nyingine.

Hali ya fremu kabla ya kuinua chochote

Fremu iwekwe kwenye stendi nne imara na ipimwe kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Sakafu nyingi za gereji zimejengwa na mwinamo mdogo wa kutolea maji, kwa hiyo usiiamini sakafu. Sawazisha stendi kwa vipande vya bati mpaka fremu yenyewe iwe sawa. Stendi zikae karibu na sehemu zinazobeba uzito kupitia springi, kwa kuwa ukizisogeza kwenye ncha za fremu uzito wa injini huipinda kidogo katikati, na mwanya wa mlango ulioupanga ukiwa hapo utabadilika siku gari litakaposimama kwa magurudumu yake. Kisha pima ulalo, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita 3 inavumilika. Ikizidi hapo hata baada ya kupima upya, zungumza na aliyekuuzia fremu kabla ya kuendelea, maana fremu iliyopinda haitibiwi kwa kuchezea bodi.

Weka alama ya katikati kwenye kila boriti ya kukingama, kwa msumari wa kuchorea badala ya kalamu, kwa sababu alama hizo utazirudia mara nyingi na wino hufutika. Vuta uzi kutoka mbele hadi nyuma kupitia alama hizo. Uzi huo ndio shahidi wako kwa kazi yote.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kimo cha gari. Ekseli ya nyuma haipandi na kushuka wima. Mikono inayoishikilia huifanya ifuate tao, kwa hiyo gurudumu linaloning'inia huwa limesogea mbele au nyuma ukilinganisha na mahali litakapokuwa barabarani. Ukilipanga kasha kwa kutazama gurudumu linaloning'inia, madigadi yatakuwa yameegemea upande mmoja wa tairi milele. Toa shokapu na springi zake, na mahali pake funga kipande cha chuma bapa chenye matundu mawili, umbali kati ya matundu hayo ukiwa sawa na urefu wa shokapu gari likiwa limesimama na uzito wake wote. Fanya hivyo mbele na nyuma, na ufunge magurudumu na matairi yale yale utakayotumia.

Mabomba ya breki, bomba la mafuta na nyaya za fremu ziwe zimekwisha kufungwa, na vibanio vyake visichomoze juu ya uso wa fremu. Wajenzi wengi hulipasha gari moto na kuliendesha umbali mfupi mahali palipofungwa likiwa bado fremu tupu yenye kiti, nami nawaunga mkono: uvujaji wa mafuta juu ya giaboksi hurekebishwa kwa dakika chache kebini isipokuwepo, na kwa siku nzima ikiwepo.

Kuiandaa faiba

Faiba mpya hutoka na nta ya kalibu juu ya uso wake. Ioshe kwa maji ya sabuni, kisha ifute kwa kiondoa nta na grisi kabla ya kuigusa kwa msasa; ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na baadaye gundi, puti na rangi hazitashika. Baada ya hapo ondoa ncha zilizochomoza pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na upunguze kingo zilizozidi kwa mistari iliyoachwa na mtengenezaji, ukibakiza milimita moja au mbili kwa ajili ya kusahihisha mwisho. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo vaa barakoa yenye vichujio, miwani na mikono mirefu, na tumia mashine ya kunyonya vumbi kuliko hewa ya kompresa inayolitawanya karakana nzima.

Kebini iliyokaa muda mrefu ikiwa imeegemea ukuta au imelalia kona moja huwa imechukua umbo la mahali ilipolala. Iache siku chache juu ya mihimili iliyonyooka, mahali penye joto kiasi, uone kama itarudi yenyewe. Kabla ya kuinua, funga ubao au bomba la chuma kukatiza kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili uwazi usifunguke wala kubana. Kebini ibebwe na watu wanne, wakishika chini ya kizingiti na chini ya ukuta wa nyuma. Fremu ya kioo cha mbele haibebi uzito na huvunjika pembeni bila kutoa taarifa. Ukitumia winchi, pitisha mikanda mipana kwenye uwazi wa milango na uitenganishe juu kwa boriti ya mbao, isije ikabana paa.

Kuiweka kebini

Tandika bushi za mpira kwenye vishikizo vyote vya fremu, zile zile zitakazobaki, kwa kuwa unene wake ni sehemu ya kipimo. Juu ya kila kishikizo weka pia shimu moja, yaani kipande chembamba cha bati chenye tundu, cha milimita 3 hivi. Sababu ni rahisi: mara nyingi kona moja huhitaji kushushwa, na kama ulianza bila shimu huna pa kushushia, utalazimika kuinua kona nyingine zote.

Kabla ya kuishusha kebini kwa mara ya kwanza, bandika vidonge vya udongo laini wa kuchezea, vya unene wa sentimita 3, juu ya giaboksi, kwenye sehemu ya juu kabisa ya injini upande wa nyuma, juu ya ekzosi, na popote fremu inapokaribia sakafu ya kebini. Ishushe, iache itulie, kisha iinue tena. Kidonge kilichobonyea kinakuambia kwa usahihi pengo lililobaki, jambo ambalo tochi na jicho haviwezi kukueleza mahali palipojificha. Panapobaki chini ya sentimita moja kati ya giaboksi na sakafu, injini itagonga sakafu itakapojitikisa kwenye mpira wake. Ekzosi inahitaji zaidi: acha angalau sentimita 4 au 5 na uweke ngao ya bati, kwa sababu rezini hulainika kwa joto na rangi ya upande wa pili hufanya malengelenge.

Sasa iweke katikati. Dondosha timazi kutoka katikati ya kifua cha kebini, yaani ile sehemu ya mbele inayobeba bawaba na kioo, na nyingine kutoka katikati ya ukuta wa nyuma. Ncha zote mbili ziguse uzi. Timazi peke yake haitoshi, maana kebini inaweza kuwa katikati na bado ikawa imezunguka, kwa hiyo pima pia kutoka kila kona ya nyuma ya kebini hadi tundu moja la fremu upande wake, na ulinganishe kushoto na kulia.

Mbele na nyuma kebini ina uhuru kidogo tu, na uhuru huo hutawaliwa na boneti. Katika umbo la miaka ya 1930 boneti hukaa kati ya grili na kifua cha kebini, mistari yake yote miwili ikionekana waziwazi, kwa hiyo kebini iliyorudi nyuma kwa milimita 6 inaonekana na kila mpita njia. Simamisha grili na rejeta mahali pake kwa muda, laza boneti juu yake, na uisogeze kebini mpaka mianya ya mbele na ya nyuma ya boneti ilingane. Kisha hakikisha nguzo ya usukani inapita kwenye tundu lake bila kugusa na pedali zina nafasi ya kwenda mwisho. Kama usukani na boneti vinapingana, usukani ndio unaosikilizwa, na boneti itarekebishwa kwa grili.

Milango ndiyo hakimu

Hapa ndipo muda mwingi wa kazi huenda, na ndipo unapostahili kwenda. Funga milango kwenye bawaba zake ikiwa bado mitupu, bila kioo wala mpira, bolti za kebini zikiwa zimeingizwa kwa vidole tu, na uondoe zile mbao za kukatiza. Lengo ni mwanya wa milimita 5 hivi pande zote, ulio sawa kutoka juu hadi chini. Praima na rangi zitakula sehemu yake pande zote mbili, kwa hiyo mwanya wa milimita 3 unaopendeza kwenye faiba tupu utakuwa mlango unaokwangua rangi. Chonga kijiti cha mbao au plastiki chenye unene huo huo na ukipitishe kuuzunguka mlango; mahali kinapokwama au kulegea weka alama juu ya tepu ya karatasi, na usirekebishe chochote mpaka umemaliza mzunguko mzima.

Tazama kwanza mwanya wa wima upande wa kitasa. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, uwazi wa mlango umefunguka kama mkasi, na dawa yake ni kuongeza shimu kwenye kishikizo cha mbele kabisa, au cha nyuma kabisa, au kupunguza ile iliyo katikati chini ya kizingiti. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, fanya kinyume chake. Tofauti kati ya kuinua mbele na kuinua nyuma ni hii: ukiinua kifua cha kebini, nguzo ya bawaba huegemea nyuma na mlango wenyewe huinamisha upande wake wa kitasa, ukiinua nyuma, mlango haujongei, ni nguzo ya kitasa inayopanda na kusogea mbele. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, angalia mstari wa pambo unaopita ubavuni. Kama mstari wa mlango uko juu ya ule wa kebini upande wa kitasa, inua mbele. Kama uko chini, kuinua upande wowote kutazidi kuutenganisha na ule wa kebini, kwa hiyo urekebishe kwa bawaba. Nenda kwa shimu za milimita moja na nusu, na baada ya kila badiliko tikisa kebini kwa mkono ili itulie kwenye mpira kabla ya kupima tena. Kebini yenye paa hupokea mabadiliko haya kidogo kidogo kuliko gari la wazi. Ukiona umeongeza zaidi ya milimita 6 kwenye kona moja na mwanya haujabadilika, tatizo haliko kwenye kishikizo na sasa ni zamu ya bawaba.

Bawaba husogeza mlango wote juu, chini, ndani na nje. Ukizilegeza, legeza moja kwa wakati mmoja huku msaidizi ameubeba mlango. Upande wa mlango unaopokea upepo ukae ndani ya uso wa kebini kwa milimita moja hivi, usichomoze. Kwa baadhi ya magari ya miaka ile bawaba zilikuwa nyuma ya mlango. Ikiwa seti yako imefuata mtindo huo, weka komeo la ziada la usalama, kwa sababu mlango wa aina hiyo ukifunguka gari likiwa kasini upepo huung'oa.

Baada ya mianya kupendeza, bandika mpira wa kuzuia maji na ufunge milango tena. Jambo hili wengi huliahirisha hadi baada ya rangi, na hapo hugundua kwamba mlango uliokuwa sawasawa sasa unachomoza kwa sentimita nzima na kitasa hakishiki. Mpira mgumu husukuma mlango, na hakuna namna ya kuuficha msukumo huo. Ama utafute mpira laini na mwembamba zaidi, ama ukate faiba ya mdomo wa ndani ili mpira upate mahali pa kujikunja. Jaribu na kioo cha mbele pia wakati huu, kikiwa kimelala tu kwenye fremu yake: kama kona moja inapepea, kebini bado imejipinda, na kioo kikikazwa hivyo kitapasuka chenyewe siku yoyote.

Mabaki ya kasoro, yale ambayo shimu na bawaba hazikuyamaliza, hurekebishwa kwenye kingo zenyewe. Palipo pana ongeza rezini iliyochanganywa na nyuzi fupi za faiba, kisha ichonge kwa ubao wa msasa ulionyooka, palipobana punguza. Rezini ya epoksi hushika vizuri juu ya faiba ya rezini ya poliesta iliyokauka, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo amua mapema utatumia ipi. Puti ya kawaida isitumike kujenga ukingo wa mlango, kwani itabanduka mlango utakapobamizwa mara chache.

Kutoboa na kukaza

Sasa kebini inaweza kutobolewa. Bandika tepu ya karatasi juu ya alama, anza na kijiti chembamba cha drili, na ukifika kwenye jelikoti, yaani tabaka gumu la nje la faiba, izungushe drili kinyumenyume kwa sekunde chache, isipasue uso. Tundu la kebini liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 3 au 4, ili bodi iweze kusogezwa utakapoirudisha baada ya rangi. Faiba ikikazwa moja kwa moja hupondeka na bolti hulegea, kwa hiyo ndani ya tundu ingiza kipande cha bomba la chuma chenye urefu sawa na unene wa faiba na bushi iliyokwisha kubanwa, na juu yake weka washa pana ya chuma, ya upana wa sentimita 5 au zaidi. Tumia nati zenye nailoni. Kaza kwa zamu, kona kwa kona, na ufungue milango baada ya kila raundi. Mlango ukianza kugoma, bolti ya mwisho uliyoikaza inaivuta kebini chini mahali ambapo shimu haitoshi.

Mikanda ya usalama haifungwi kwenye faiba peke yake kwa hali yoyote, hata ikiwa na washa kubwa. Bolti zake ziingie kwenye fremu ya chuma au kwenye mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwenye fremu hiyo.

Kasha la nyuma

Kasha huundwa kwanza sakafuni, juu ya meza au mbao zilizonyooka: ubavu wa kushoto na wa kulia, ubao wa mbele, boriti za kukingama na mlango wa nyuma. Liache na bolti zisizokazwa, pima ulalo wake kutoka kona hadi kona, lisukume mpaka vipimo viwili vilingane, ndipo ukaze. Mlango wa nyuma uwe umefungwa wakati wa kukaza, kwa kuwa ndio unaoweka umbali wa mbavu mbili. Kasha lililokazwa bila mlango huo hufumuka au kubana kwa nyuma. Mwanya wa milimita 5 au 6 kila upande wa mlango unatosha.

Ukishaliweka kwenye fremu, lipange kwa mambo mawili kwa mfuatano. La kwanza ni gurudumu. Madigadi ya nyuma yakiwa yamefungwa kwa muda, dondosha timazi kutoka ukingo wa mbele na wa nyuma wa uwazi wa madigadi na upime umbali hadi katikati ya ekseli. Wengi hupendelea gurudumu likae katikati kabisa. Binafsi naona linapendeza likiwa mbele kwa milimita chache, kwa sababu jicho linalotazama kutoka pembeni huona nyuma pazito, lakini hilo ni suala la macho na si la usalama. La pili ni mwanya kati ya kebini na kasha, ambao uwe wa milimita 20 hadi 25 na uwe sambamba kutoka juu hadi chini na kutoka kushoto hadi kulia.

Mwanya huo una kazi. Fremu ya pikapu hujipinda kila gurudumu moja linapopanda juu ya kitu, kebini na kasha huinama kila kimoja kivyake, na vikigusana faiba hupasuka. Ford yenyewe ilijaribu kuviunganisha kuwa kipande kimoja katika pikapu zake za mwaka 1961, ikauacha mpango huo baada ya mwaka 1963 na kurudi kwenye kasha lililojitenga. Fremu za seti za sasa ni ngumu kuliko zile za miaka ya 1930, lakini haziko ngumu kiasi cha kuufuta mwanya. Ukitaka kuujua ukweli wa gari lako, rudisha shokapu na springi, lisimamishe kwa magurudumu yake, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki mpaka litoke ardhini, na upime mwanya juu na chini. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Sehemu iliyosogea zaidi inakuonyesha kiasi unachohitaji, nawe uongeze nusu yake tena kwa ajili ya barabara.

Kama gurudumu linataka kasha lirudi nyuma na mwanya unataka lije mbele, usigawanye tofauti bila kufikiri. Angalia kwanza kama mikono ya ekseli ina urekebishaji, maana pengine ekseli nzima inaweza kusogezwa milimita 5 na tatizo likaisha, mradi urefu wa shafti ya propela unaruhusu na pande zote mbili zinasogezwa sawasawa.

Kimo cha kasha hupangwa kwa mstari wa ubavu. Vuta uzi kutoka mstari wa pambo wa mlango kwenda nyuma hadi kona ya kasha, na utumie shimu mpaka mstari wa kasha uendelee pale wa kebini ulipoishia, au ushuke sambamba nao ikiwa umbo lilikusudiwa hivyo. Kisha rudi nyuma hatua kama kumi na uchuchumae, ukilitazama gari kwa kimo cha taa. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kasha likaonekana limeinua mkia, kwa sababu kuba la paa na mteremko wa boneti huyumbisha macho. Katika hali hiyo napendekeza kufuata jicho kwa milimita 2 au 3, si zaidi. Pande zote mbili zipewe kiasi kile kile.

Geuza usukani hadi mwisho kila upande, na upandishe ekseli ya nyuma kwa jeki hadi kikomo chake, koili za springi zikiwa zimetolewa. Kati ya tairi na madigadi, na kati ya tairi na ubavu wa kasha, pabaki sentimita 2 au 3 katika hali mbaya zaidi. Tairi pana ni kishawishi kikubwa kwa hotrodi, na mara nyingi linaloumizwa nalo ni ukingo wa madigadi. Hakikisha pia shingo ya tangi la mafuta haivutwi na kasha linapojongea, na kwamba bomba lake lina mpira wa kutosha kupokea mjongeo huo.

Sakafu ya kasha, kama ni ya mbao ngumu na vipande virefu vya chuma katikati, iwekwe mwisho kabisa. Mbao zipakwe vanishi pande zote sita kabla ya kufungwa, na ziachiwe nafasi ndogo pembeni, kwani hunyonya unyevu na kupanuka kwa upana. Zikibanwa huisukuma mbavu ya kasha na kuharibu mianya yote uliyoihangaikia.

Kabla ya kuvua bodi kwa ajili ya rangi, toboa matundu mawili madogo kwenye kila upande, yapite bodi na kishikizo kwa pamoja, yatakayopokea pini utakaporudisha. Andika idadi ya shimu za kila kona kwenye fremu yenyewe na uzifunge kwa waya zikiwa pamoja. Lakini usiivue haraka. Faiba huendelea kukauka na kunywea kwa muda baada ya kutoka kiwandani, na inapata umbo lake la mwisho vizuri ikiwa imefungwa kwenye fremu yake, imekaa juani kwa siku kadhaa, ndipo vijitundu vilivyojificha chini ya jelikoti hujitokeza na kuzibwa kabla ya rangi na si baada yake.

Wakati wa kurudisha, kumbuka kwamba faiba haipitishi umeme. Taa za nyuma, taa za ndani, honi na kipima mafuta, vyote vinavyotegemea bodi ya chuma katika gari la kawaida, hapa vinahitaji kila kimoja waya wake wa ethi (wa kurudisha umeme) hadi kwenye fremu, pamoja na waya mmoja unaounganisha shingo ya chuma ya tangi na fremu ili umeme tuli usiruke wakati wa kujaza mafuta. Taa inayofifia breki zinapokanyagwa kwa kawaida ni ethi iliyosahauliwa.

Bushi mpya hubonyea katika kilomita za mwanzo. Baada ya safari fupi chache kaza tena bolti zote za kebini na kasha, pitisha kile kijiti kwenye mianya ya milango, na kama upande mmoja umeshuka, ongeza shimu ya milimita moja na nusu kwenye kona hiyo badala ya kurudi kwenye bawaba.